Atakayemtukana Bi Somoe

Bi Somoe wa Zinga ana watoto wanaompigia simu, wajukuu wanaombusu mkono na majirani wasiothubutu kumpita bila kumwamkia. Kwa mizani ya pwani, ni mtu aliyekamilika. Yeye mwenyewe husema ni mtu aliyekwisha zikwa nusu. "Mtu asiyetukanwa na yeyote," huwaambia wanaomsifu, "amebakiza kufukiwa kichwa tu."

Kazi yake ni kusuka makuti. Makuti hayo hununuliwa na mahoteli ya ufukweni Bagamoyo, ambako wageni hulipa pesa nyingi walale chini ya paa la aina ileile ambalo Bi Somoe aliliondoa nyumbani kwake zamani akaweka bati. Husuka asubuhi, husuka alasiri, na katikati hupokea heshima.

Heshima hiyo iliongezeka alipovuka miaka sabini. Wazee wenzake huzungumza naye habari za maradhi na marehemu. Vijana humsikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, na kichwa kilichoinama hakijulikani kama kimelala. Mwanawe mkubwa, Ishaka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, humpigia kila Ijumaa kumwuliza kama amekunywa dawa. Akijibu ndiyo, Ishaka husema alhamdulillahi na kuaga. Ijumaa moja Bi Somoe alimjibu kwamba dawa amempa mbuzi, na mbuzi anaendelea vizuri. Ishaka akasema alhamdulillahi.

Ndipo akaja Mosi.

Mosi alikuwa na miaka thelathini na kitu, Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa cherehani. Alimfuata mume aliyekuja Mbegani kusomea mashine za boti za uvuvi. Mume alihitimu, akapata kazi Mtwara, akatangulia ili amtafutie mkewe nyumba. Nyumba hiyo anaitafuta mpaka leo. Mosi alibaki Zinga na cherehani yake kwenye kibaraza cha nyumba ya kupanga, kando ya barabara kuu. Kurudi Tabora kungemlazimu kueleza mambo, na isitoshe mdogo wake, Rehani, alikuwa fundi magari Vigwaza, mahali pa kufikika.

Watu wa Zinga walimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomtesa. Mpwani anaweza kumkaribisha mgeni miaka kumi na mgeni asijue ndani kuna vyumba vingapi. Karibu, hujambo, nyumbani hawajambo, na baba watoto hajambo huko aliko? Wanawake wa rika lake walimwuliza habari za mume kwa upole, kama mtu apapasavyo jipu la mwenzake kuona kama limeiva. Mosi alijibu vizuri, akashona vizuri, akalala mapema.

Siku aliyokutana na Bi Somoe, bibi huyo alikuwa amepeleka gauni likapunguzwe urefu. Mosi aliamkia, akaitikiwa, akapokea gauni.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Tabora, bibi."

"Mnyamwezi?"

"Mnyamwezi, bibi."

Bi Somoe akatazama huku na huku, kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe hayupo. Kisha akainama, akafunua kawa, akachukua sahani ya wali na samaki ambayo Mosi alikuwa amejiwekea kwa chakula cha mchana, na akaondoka nayo.

Hapa wenye umri mdogo wanahitaji kuelezwa. Bi Somoe ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, pembe zilipokuwa zikiteremshwa kutoka bara hadi Bagamoyo vichwani mwa watu. Mtani ana haki ya kukutukana, kuchukua chako bila kuomba, na zaidi ya yote kuuvuruga msiba wako kwa kumwigiza marehemu, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku hizi wengi wamesahau, na waliobaki na utani huo huutumia kwenye mpira. Mosi alikuwa hajasahau. Alisimama kibarazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"We kizee! Rudisha chakula changu!"

Waliokuwa barabarani walisimama. Hakuna aliyewahi kumwita Bi Somoe kizee mbele za watu. Bi Somoe aligeuka polepole.

"Nani kakwambia ni chako? Babu yako alifika hapa na pembe kichwani, akatua mzigo, akatua na akili. Umezifuata?"

"Nimefuata deni! Babu yako alimuuzia babu yangu maji ya kisima, na kisima hakikuwa chake!"

Walioshuhudia wanasema Bi Somoe alikaa palepale mchangani, sahani mapajani, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha wale wanawake wawili wakala pamoja, wakigombania kichwa cha samaki.

Urafiki ule haukuwa na jina. Kina mama wa rika moja ni mashoga. Mkubwa na mdogo ni mama na mwana, au mwenye nyumba na mpangaji. Na Zinga kitu kisicho na jina hupewa jina baya. Wengine walisema Mosi anamezea mate shamba la minazi la bibi. Wengine walisema kizee anamfundisha uchawi. Zuhura, mpangaji wa chumba cha pili, mwanamke mnyofu asiyejua mzaha wala hajawahi kuuhitaji, alimwonya waziwazi.

"Dada, yule ni wa kuamkiwa, si wa kuchezewa."

"Wa kumwamkia anao tele," Mosi akasema, pini midomoni. Alikuwa na tabia ya kuongea na watu huku amebana pini midomoni, na maneno yake yote yalitoka yakiwa yamebanwa kidogo.

Habari za mume Bi Somoe hakumwuliza hata siku moja. Ila siku moja, bila kuulizwa, alisema: "Mumeo mjinga. Na wewe mjinga zaidi, maana ulimshonea mpaka suruali ya kuondokea." Mosi alicheka. Halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu mume aondoke, akiwa ameegemea cherehani. Bi Somoe aliendelea kumtukana mume mpaka machozi yalipokauka, kisha akaomba kikombe cha chai, akasema chai yenyewe mbaya.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa kufa. Simu ingelia.

"Mnyamwezi, nimekufa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Njoo na muhogo."

"Maiti haili, bibi."

"Hii ina njaa."

Au Mosi angepiga yeye, aseme anakata roho, aache wosia wa kitu cha kijinga, na Bi Somoe angemwuliza kama anaweza kukata roho baada ya swala ya adhuhuri, maana sasa ana kazi. Walikufa hivyo kila wiki, miaka sita. Neno lenyewe lilichakaa mikononi mwao kama pindo la kanga ya jikoni.

Lakini nyuma ya mchezo huo Bi Somoe alikuwa na jambo la kweli, na siku moja alilisema.

"Nikifa, wanangu watanizika vizuri. Najua. Watasoma, watapika, Ishaka atasimama mbele za watu aseme nilikuwa mama mpole. Mimi si mpole. Nitalala pale nisikie uongo mpaka nifukiwe, na nisiweze kusema kitu. Nataka mtu mmoja aje anitukane. Mmoja tu, anayenijua. Wewe utakuja?"

"Nitakuja."

"Usilie. Mtani halii."

"Sitalia. Nitafurahi nimepumzika."

"Haya. Tufanye mazoezi."

Walifanya mazoezi alasiri, uani, katikati ya makuti. Bi Somoe alilala chali juu ya mkeka, mikono ubavuni, kanga mpaka kidevuni, akisema juu ya hapo kuna joto. Mosi alivaa gauni la kijani la bibi, akaanza kuchechemea kuuzunguka mkeka.

"Mguu si huo," maiti ikasema.

"Maiti haisemi, bibi."

"Hii inasema. Mimi mbovu wangu wa kushoto. Ukichechemea wa kulia watadhani unamzika jirani yangu Mwanamvua."

Mosi akabadilisha mguu.

"Haya, taja maovu yangu."

"Alikuwa mchoyo wa chumvi."

"Ongeza."

"Alimwambia mkwewe kwamba pilau lake linafaa kuezekea."

"Hilo lipandishie sauti. Ongeza."

"Alichinja jogoo wa jirani, akamla, kisha akatoka kumsaidia jirani kumtafuta."

Maiti ikafungua jicho moja. "Hilo nani kakwambia?"

"Wewe. Mwezi wa Ramadhani, tukisubiri kufuturu."

"Nilikwambia kwa siri."

"Basi nisiliseme?"

Bi Somoe alifikiri, akitazama juu. "Liseme. Lakini sema jogoo alikuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mnono."

"Nitasema alikuwa mnono."

Maiti ikaridhika, ikafumba jicho. Ilitoa maagizo ya mwisho: Mosi aujaze mlango, jeneza lisipite mpaka Ishaka atoe kitu, na kwa kuwa Ishaka ana mkono mgumu, amwache atoke jasho kidogo. Mosi aliketi ukingoni mwa mkeka, akaanza kuvua gauni la kijani.

"Na mimi nikifa, bibi?"

"Wewe? Wewe hufi," Bi Somoe akasema, bado amelala. "Nani atanizika?"

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, Bi Somoe alikuwa katikati ya kuti simu ilipolia.

"Bibi, nakufa," Mosi akasema. "Tumbo."

"Kufa, mjukuu wangu. Lakini sufuria yangu uliyoiazima iache mlangoni. Sitaki kuingia kwa maiti kutafuta sufuria."

Upande wa pili ikasikika sauti ambayo Bi Somoe aliichukua kuwa ni kicheko. Simu ikakatika. Alirudi kwenye makuti yake akiwa ameridhika, kama mtu aliyefunga bao na mpira ukaisha.

Alasiri Zuhura akaja. Bi Somoe aliiona sufuria kwanza, imesuguliwa ndani na nje, inang'aa kuliko ilivyopata kung'aa tangu inunuliwe. Akapiga makofi.

"Kaogopa! Mnyamwezi kaogopa!"

"Bibi, Mosi amefariki."

"Mwambie afariki vizuri. Wiki iliyopita alifariki mara mbili, na jioni akaja kula."

Zuhura alisimama, sufuria mikononi. Bi Somoe alimtazama, bado anacheka, na kicheko kikaanza kumpungukia, kwa kuwa kulikuwa na kitu kimekosekana na hakujua ni kitu gani. Halafu akajua. Mtu wa Zinga atasahau kufunga mlango, atasahau jina la mkwewe, lakini hasahau kuamkia. Zuhura alikuwa ameingia uani kwa Bi Somoe bila shikamoo.

Bi Somoe aliketishwa, akaelezwa. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Mosi alikuwa na maumivu tangu juzi yake, akadhani yatapita. Siku ile Zuhura ndiye aliyetafuta bajaji. Hospitalini walifanya walichoweza. Alikuwa amechelewa.

"Sufuria nani kakwambia uioshe?" Bi Somoe akauliza.

"Yeye. Bajaji imeshafika, nimemshika mkono, anasema nisisahau sufuria ya bibi. Nikamwambia dada, acha mambo ya sufuria. Akasema niioshe, na nje pia, bibi asije akapata la kusema."

"Alikuwa anacheka?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Zuhura alifikiri kwanza.

"Sijui, bibi. Alikuwa ameuma kanga."

Walimzika kesho yake, kabla ya adhuhuri. Rehani alifika kutoka Vigwaza usiku, kijana mrefu mwenye oili kwenye kucha ambayo haitoki kwa sabuni. Ishaka naye alikuja kwa gari, kwa ajili ya mama yake. Bi Somoe alikaa chumbani kwa Mosi na wanawake wengine mpaka maiti ilipooshwa, ikakafiniwa, na sauti za wanaume zikasikika zikisema sasa. Hapo akainuka. Akaenda kwenye cherehani, akachukua futi ya Mosi akaitia shingoni, akachagua pini akaibana midomoni, akaenda kusimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

Ishaka ndiye aliyemwona wa kwanza. "Mama, tafadhali. Mambo haya siku hizi hayapo. Utajiaibisha."

"We Mnyamwezi?"

"Mama..."

"Kama si Mnyamwezi, kaa pembeni."

Rehani alikuwa mbele ya jeneza, bega chini ya mti wa kubebea. Tangu alipofika, watu wote walikuwa wamempa pole, na pole zilikuwa zimemjaa mpaka kooni. Aliinua uso.

"Mnampitisha wapi mwizi huyu?" Bi Somoe akasema, na maneno yalitoka yamebanwa vilevile, pini midomoni, hata wanawake wawili nyuma yake wakashtuka. "Gauni langu la Idi alilikata mkono mmoja mrefu, mmoja mfupi, akaniambia ndio mtindo wa Dar. Nikaenda nalo Idi! Watu wakanipa pole wakidhani nimevunjika mkono! Hapiki huyu. Wali wake kunguru wanauonja, wanakwenda kusukutua. Mume akaona bora bahari!"

Mtu mmoja alicheka akiwa amefunika mdomo, kisha mwingine. Wazee wachache waliokuwa wakiikumbuka desturi walinyoosha migongo kama watu waliosikia ngoma ya kwao. Rehani alikuwa analia na kucheka kwa uso uleule.

"Na kubwa kuliko yote," Bi Somoe akaendelea, "hajui foleni! Tulikubaliana nife mimi. Nikalala kwenye mkeka, nikafanya mazoezi, nikajifunza kunyamaza, mimi! Kumbe mwenzangu ananiangalia navyofanya apate kunipiku. Mnyamwezi huyu! Hata kufa kaiba!"

Uwanja mzima ulicheka. Rehani akapangusa uso kwa bega lililokuwa huru, na akauliza swali ambalo huulizwa mahali pake: "Tukulipe nini, kizee, utupishe?"

Bi Somoe alitoa pini midomoni.

"Nataka mtu wangu wa kunizika," akasema. "Mnirudishie. Huyohuyo. Kingine sitaki."

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa kwa mafungu, wa nyuma wakiwa wa mwisho kuelewa. Utani una kanuni ambayo hakuna aliyewahi kuhitaji kufundishwa: mtani hudai kinacholipika. Kuku, kanga, sigara, sahani ya wali. Ukidai kisicholipika, hutanii tena, na jeneza halina pa kupita. Wenye jeneza waliona jinsi lilivyo zito. Ishaka alitazama chini. Bi Somoe hakusogea, na ilionekana kwamba hata yeye hajui atasogeaje.

Rehani, mikono yake haina nafasi, alikanyaga kisigino cha kiatu kimoja kwa mguu wa pili, akakivua, akakisukuma kwa unyayo mpaka mbele ya bibi.

"Chukua hiki," akasema. "Kimetoka Tabora. Kinanuka kama sisi."

Bi Somoe alikitazama kiatu muda mrefu. Akainama kwa goti lake bovu, akakiokota, akakinusa.

"Kweli," akasema, na akapisha.

Rehani alikwenda makaburini na kiatu kimoja, matopeni, na hakuna aliyempa pole njia nzima.

Alirudi siku ya khitma kukidai. Alivua kofia mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Walikaa uani. Alikunywa chai, akaisifu. Aliulizwa habari za Vigwaza, na Vigwaza walikuwa hawajambo. Kisha akasema kile alichokuwa amekijia.

"Bibi, Zuhura kanieleza mlivyopanga na dada. Mimi pia Mnyamwezi. Vigwaza si mbali. Siku ikifika, mje mniambie, nitakuja kukutukana mimi."

Bi Somoe aliweka kuti chini. "Utasema nini?"

Rehani alifikiri. "Nitasema ulikuwa mkali."

"Kila kizee mkali."

"Nitasema ulikuwa mwizi."

"Niliiba nini?"

Rehani akazungusha kikombe mkononi.

"Hunijui, baba," Bi Somoe akasema, bila ubaya. "Utanitukana kwa kubahatisha."

"Basi niambie. Nitakariri."

Bi Somoe alifungua mdomo aanze na jogoo. Akaufunga. Jogoo yule alitoka siku moja ya Ramadhani, baada ya miaka ya kugombania vichwa vya samaki, na hakuonekana kuwa jambo la kumpa mtu aliyefuata kiatu. Alinyanyuka, akaingia ndani, akakitoa. Kilikuwa kimekaa jikoni karibu na sufuria, ambayo haijapikiwa tangu siku ile.

Rehani alikivaa, akafunga kamba taratibu kuliko ilivyohitajika. Alipofika kwenye njia aligeuka, na ilionekana kwamba hakutaka kuondoka hivyo. Akajikaza.

"We bibi," akasema, "umechoka kama... kama gari lililoachwa gereji kwangu!"

Akasubiri, amesimama kwenye jua, na pale aliposimama alifanana na dada yake kidogo, kwenye kidevu.

Bi Somoe alimtazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akacheka kwa adabu.